Mpini Uliovimba

Jembe lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko la mama mkubwa, pale Ihanja, Singida, asubuhi ya Desemba ambayo mawingu yalikuwa yametanda tangu usiku na mvua haijaamua. Nililiona kwa sababu mpini wake ulikuwa umevimba. Majembe mengine matatu yaliyosimama kando yake yalikuwa na mipini ya kawaida, miembamba, iliyong'arishwa na viganja vya miaka mingi mpaka ikawa laini kama mfupa. Hili la nne lilikuwa na uvimbe sehemu mbili, pale mkono wa mbele unaposhika na pale wa nyuma unapovuta. Nikasogea. Kipande cha kanga kuukuu kilikuwa kimezungushwa mara nyingi juu ya mti, na juu ya kanga umezungushwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukavutwa kwa nguvu na kufungwa kwa kamba ya katani. Nilipolishika, vidole vyangu havikuweza kukutana na kiganja. Nilijaribu kuliinua kama mtu anayetaka kulima, nikahisi ajabu ya kushika kitu kilichotengenezewa mkono wa mtu mwingine. Mama mkubwa alinitazama kutoka kwenye kigoda chake. "Hilo liache, mwanangu," akasema. "Hilo ni la kwangu. Mpini mwembamba siku hizi unanikimbia."

Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, mara nyingi ukielekezwa kwetu sisi watoto tuliokuwa tukigombania jembe jepesi asubuhi kabla ya kwenda shamba. Maana yake ilikuwa wazi: anayeijua kazi haulizi zana, anaishika iliyopo na kuanza. Na katika ukoo wetu, mama mkubwa ndiye aliyekuwa mfano wa msemo huo. Alilima kwa jembe lolote. Alipalilia alizeti mistari miwili wakati wengine wanamaliza mmoja, tena akizungumza, tena akiimba, na jioni akatwanga. Lugha yetu Wanyaturu huitwa pia Kirimi, na mimi kila ninapolisikia jina hilo nasikia humo kitenzi cha kulima, hata kama wataalamu watasema vingine. Sasa mwanamke huyu anachagua jembe. Analo moja tu analoliweza, na akilikosa siku hiyo haendi shamba. Nimekaa na jambo hili tangu Desemba ile, nikijiuliza msemo unafanya nini unapokutana na mkono ambao haufungiki, na kama aliyeutunga aliwahi kuamka asubuhi akakuta vidole vyake vimekuwa vya mtu asiyemjua.

Ugonjwa ulimkuta Dar es Salaam, alikokwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Ilikuwa homa ya ghafla, ya mchana, iliyomwangusha akiwa anafua nepi. Anasema alisikia maumivu yakiingia kwenye vifundo vya miguu kwanza, kisha magoti, kisha vifundo vya mikono, kisha kila kiungo cha kila kidole, kana kwamba kuna mtu anapita nyumba hadi nyumba akigonga milango. Vipele vikatokea kifuani, vikapotea. Kwenye zahanati moja walimpima malaria, kipimo kikasema hana, wakampa dawa ya malaria vilevile. Baada ya siku tano homa ikashuka na kila mtu akamshukuru Mungu. Maumivu hayakushuka. Alipanda nayo basi, akafika nayo Ihanja, akalala nayo, na masika yaliyofuata alikuwa nayo. Miezi mingi baadaye daktari mmoja aliyemsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, alimwambia kwamba maelezo yake yanafanana sana na chikungunya, na kwamba kwa sasa ni vigumu kuthibitisha. Mama mkubwa alilirudia jina hilo mara tatu ili asilisahau. Kisha akasema kitu kilichonishangaza: "Hilo ni jina la kwetu."

Ni kweli ni la kwetu, ingawa si la Singida. Mwaka 1952 maradhi yalizuka katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, kusini kabisa mwa Tanganyika ya wakati ule. Watu walianguka kwa ghafla, kijiji baada ya kijiji, wakiwa na homa na maumivu ya viungo yaliyowazuia kubadili hata ubavu wa kulalia. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, na mwenzake Lumsden akaandika jinsi yalivyoenea. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Jina la ugonjwa hawakulitunga wao. Wagonjwa walikuwa wameshaupa: neno la Kimakonde, kutoka kitenzi kungunyala, lenye maana ya kujikunja, kupinda, kukunjamana. Vitabu vingi vya nje huandika kwamba ni neno la Kiswahili, na ningependa kulirudisha kwa wenyewe, kwa sababu heshima ya kuliita jambo kwa jina lake ni ya Wamakonde. Leo neno hilo linatamkwa na wauguzi wa India na Brazili, na madaktari wa Ufaransa, na watu wasiojua Newala iko upande gani wa dunia. Ndani yake bado amekaa mkulima wa 1952 aliyeinama, asiyeweza kunyooka, ambaye jirani yake alimtazama na kusema alichokiona.

Nimeyafikiria sana majina haya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda yalizuka maradhi mengine, ndugu wa damu wa chikungunya, na Waacholi wakayaita o'nyong'nyong, kwa maana ya kulegea na kuvunjika viungo. Kufikia 1962 yalikuwa yamewapitia watu wapatao milioni mbili, Uganda, Kenya, huku kwetu na kwingineko, yakibebwa na mbu walewale wa malaria. Na kabla ya hapo, Unguja, daktari James Christie alishuhudia mlipuko wa mwaka 1870 na kuandika jina alilolisikia mitaani, kidinga pepo, huku wazee wakimweleza kwamba waliwahi kuuona ugonjwa huo mwaka 1823. Wapo wanaodhani neno dengue linalotumika dunia nzima lilianzia hapo, kutoka kinywani mwa Mswahili, likavuka bahari. Na wapo wanahistoria wa tiba wanaosema kwamba kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyong'ang'ania baada ya homa, kile kidinga pepo cha Unguja huenda kilikuwa chikungunya yenyewe. Sina uwezo wa kuamua. Ninachokiona ni kwamba lugha zetu, zilipoyapa jina maradhi haya, hazikumtazama mbu. Hazikuitazama hata homa. Zilitazama mwili uliogoma: uliopinda, uliolegea, uliotetemeka. Mtu wa shamba anaona kwanza kile kinachomzuia kufanya kazi, na jina la ugonjwa likawa ni maelezo ya kazi isiyofanyika.

Kuhusu mbu mwenyewe ni vizuri kusema, maana ndipo Ihanja inapoingia. Mbu anayeeneza chikungunya, Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana. Chandarua tulichofundishwa kukichomekea usiku hakimzuii kumfikia mama anayechambua mboga saa tatu asubuhi. Naye hapendi dimbwi chafu. Anapenda maji tuliyoyatunza. Pipa, mtungi, dumu lililokatwa, tairi lililotupwa nyuma ya nyumba. Mayai yake hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri kuloweshwa. Kwenye Uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida kubwa. Udongo wa kichanga hunyonya kila tone, watu walishuka mabondeni kuyateka, wakayapandisha na kuyahifadhi ndani ya nyumba. Lamu mwaka 2004 mlipuko ulikuja katika kipindi cha ukame, na watafiti walikadiria kwamba watu 13,500, robo tatu ya wakazi, waliambukizwa. Kutoka pwani hiyo ugonjwa ukaenda Mombasa, ukaenda Komoro, ukafika Réunion mwaka 2005 na kuwagusa watu zaidi ya theluthi moja ya kisiwa kizima. Mtu anaweza kudhani mbu ni mtoto wa mvua. Huyu ni mtoto wa uhaba. Kadiri maji yanavyokuwa ya shida ndivyo tunavyoyakumbatia, na kadiri tunavyoyakumbatia ndivyo tunavyomfungulia mlango.

Nami nikiuzungukia ua wa mama mkubwa naona maji yaliyokumbatiwa. Singida ni nchi ya mvua moja. Inaanza Novemba au Desemba, inakoma Aprili, na baada ya hapo ni upepo na jua na majabali ya mawe yaliyopangwa kama mtu aliyejenga akachoka. Katika miezi ya kiangazi watu huchimba mchanga wa mito iliyokauka, wakasubiri maji yajikusanye chini ya shimo, wakayachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae. Maji yaliyopatikana namna hiyo hayamwagwi ovyo kwa sababu fulani alisema pipa lisafishwe kila wiki. Sisemi kwamba Ihanja ina mlipuko. Mama mkubwa aliupatia ugonjwa wake mjini. Nasema kwamba mabasi yanatembea kila siku, wagonjwa wanarudi kwao kuuguzwa, na mapipa yetu hayana mifuniko. Nilimnunulia mfuniko. Akalifunika pipa nao, kisha akagundua hawezi kuufungua, maana unabana na vidole vyake havina nguvu ya kuunyakua. Sasa ameweka kipande cha ubao na jiwe juu yake. Jiwe analisukuma kwa kiwiko.

Kuna jambo moja la ugonjwa huu ambalo sikulielewa mpaka nilipolala nyumbani kwake wiki mbili. Maumivu ni ya asubuhi. Mtu analala, viungo vinakaa kimya usiku, na vinapoamka vimeganda. Nilimsikia saa kumi na moja alfajiri akianza safari ya kuketi kitandani. Safari, nasema, maana ilikuwa na vituo. Kwanza alifungua na kufunga vidole chini ya shuka, polepole, mara nyingi. Kisha alisugua kifundo cha mkono kimoja kwa kisigino cha kiganja kingine. Kisha akashusha mguu mmoja, akangoja, akashusha wa pili, akangoja tena zaidi. Alipofika mlangoni jua lilikuwa limeshachomoza. Kufikia saa nne mwili ulikuwa umelegea kiasi cha kushika kitu. Lakini mkulima yeyote wa Singida atakuambia kwamba saa nne ndipo kazi ya jembe inapoisha. Watu wanaingia shamba saa kumi na mbili, umande ukiwapo na ardhi ikiwa bado na huruma, na jua likipanda wanarudi kivulini. Ugonjwa umemwachia mama mkubwa saa zile ambazo shamba halimtaki. Ukiuangalia mkono wake saa nane mchana utadhani ni mzima. Analainisha vidole, anacheza na mjukuu, anacheka. Jirani anayepita saa nane na kumwona hivyo, na anayejua kwamba asubuhi hakuonekana shambani, anajumlisha hesabu yake mwenyewe na kupata jibu baya.

Na kama ilivyo siku ndivyo ulivyo mwaka. Mahali penye mvua mbili mtu akiumwa msimu mmoja anaweza kujitetea kwa mwingine. Hapa mbegu isiyoingia ardhini mvua za mwanzo zinapokubali haina nafasi ya pili, na palizi isiyofanyika ndani ya siku zake imewaachia magugu chakula cha watoto. Wenye ng'ombe hulima kwa plau, ni kweli, lakini hata plau inataka mtu wa kuikaba mikono isikimbie mstari, na palizi bado ni ya jembe la mkono. Masika yale ya kwanza baada ya homa, mama mkubwa alikosa siku kumi na mbili tu. Alinihesabia. Siku kumi na mbili katika ofisi ni jambo la barua. Kwake zilikuwa ni uwele usiotosha kufika Machi mwaka uliofuata, na mbuzi wawili waliouzwa.

Nilifungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa sababu nilitaka kuona nchi yangu inasemaje juu ya mtu anayeumwa asiweze kufanya kazi. Inasema vizuri. Mwajiriwa anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Nilisoma mara mbili, kisha nikamfikiria mtu anayeishi kwa kulima vipande vya wenzake. Kibarua analipwa kwa kipande alichokimaliza, kilichopimwa kwa hatua za mwenye shamba. Hakuna nusu kipande cha huruma. Nikamfikiria kijana wa bodaboda ambaye mkono wa kulia lazima ukabe breki na wa kushoto ubane klachi mara mia kwa siku. Nikamfikiria msusi, ambaye mtaji wake wote umo kwenye ncha za vidole vitatu. Nikamfikiria fundi cherehani na kifundo cha mguu kilichojaa. Wengi wanaougua chikungunya hupona ndani ya wiki chache, na hilo lisemwe wazi ili watu wasitishike. Lakini sehemu isiyo ndogo yao hubaki na maumivu kwa miezi, wengine kwa miaka, hasa waliovuka umri wa miaka 45. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Kuna za kutuliza maumivu, kuna mazoezi, kuna subira. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na kutoka huko hadi kwenye ua huu ni safari ndefu. Sheria inayopima ulemavu kwa kile kinachoonekana, na soko linalopima mtu kwa vipande alivyomaliza, vyote viwili vinamwangalia mgonjwa huyu na kumpita.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usemi huu mkali ndio uliokuwa kimbilio la mama mkubwa kila walipomwuliza anaumwa nini hasa. Wengine walisema ni baridi yabisi, umri umefika. Wengine walisema Dar es Salaam imemharibu, amerudi hapendi tena kushika udongo. Mwanaukoo mmoja, ambaye simchukii, alisema mbele ya watoto kwamba maradhi yanayokuja asubuhi na kuondoka mchana yana jina lake, nalo ni uvivu. Maneno hayo yalimuuma kuliko kiungo chochote. Nadhani najua sababu. Mguu uliovunjika hufungwa gango na kila mtu anauona. Kidonda hutoa ushahidi. Maumivu ya kiungo hayana damu wala harufu, na mtu aliyekaa nayo muda mrefu hujifunza kutokunja uso, kwa kuwa amechoka kuwachosha wenzake. Methali yetu inamwonya mficha maradhi kwamba kifo kitamuumbua. Mama mkubwa hakuficha kitu. Maradhi yenyewe ndiyo yaliyojificha, na yeye akabaki anaumbuliwa angali hai.

Ndiyo maana nalithamini jina. Kulikuwa na utafiti Moshi, mwaka 2007 na 2008, katika hospitali mbili, ambapo wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa kwa makini. Waliokuwa wameandikiwa kwamba wana malaria walikuwa 528. Waliokutwa nayo kweli walikuwa 14. Na miongoni mwa wengine, walipopimwa damu zao, 55 walikutwa na chikungunya, ugonjwa ambao haukuwa hata kwenye mawazo ya waliowalaza. Nawafikiria hao 55. Wangapi walirudi nyumbani na karatasi inayosema malaria, na miezi sita baadaye wakawa wanashindwa kupasua kuni, na wakaambiwa malaria haifanyi hivyo, kwa hiyo una lako jambo? Mtu asiye na jina la ugonjwa wake hana pa kujishikiza. Mama mkubwa alipolipata lake, hata bila cheti, hata likiwa ni la kukisia, alianza kulitumia. Nilimsikia akimwambia jirani kwenye mlango: "Nina chikungunya ya viungo." Jirani akauliza ni kitu gani. Akamweleza: "Wamakonde walikunjwa nayo zamani. Mimi ndiyo inanikunja sasa." Alisema hivyo akiwa amesimama wima kuliko nilivyomwona kwa mwaka mzima.

Kuna kazi moja aliyokataa kuiachia kwa muda mrefu, nayo ni kusonga ugali. Ugali wa uwele ni mzito. Mwiko unapoingia ndani ya unga uliokwisha kushikana, nguvu yote inapita kwenye kifundo cha mkono, na sufuria lazima likabwe lisizunguke. Nilimwona akijaribu. Alishika mwiko kwa ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kama mtu anayetwanga, akasukuma kwa mabega kwa vile vifundo vilikataa. Sufuria alilikaba kwa nyayo. Aligeuza mara ya kwanza, akageuza ya pili, na kwa ya tatu mkono wa chini ukafunguka wenyewe, mwiko ukaangukia majivuni. Hakusema neno. Mkwe wake, mwanamke mwenye adabu kubwa, aliuokota, akauosha, akaendelea kusonga kana kwamba walikuwa wamekubaliana tangu asubuhi kwamba yeye atamalizia. "Mama, nionjeshe mboga," akamwambia, "mimi chumvi hainikai." Mama mkubwa akaonja. Akasema ongeza kidogo. Tangu siku hiyo yeye ni mwonjaji, na chumvi ya nyumba ile haiwekwi mpaka aseme yeye. Nimeona familia nyingi zikimhudumia mgonjwa. Sijaona wengi wanaojua kumwachia kazi inayomtosha.

Na ukitazama vizuri, ua mzima umebadilika kimyakimya. Kitasa cha mlango kimeondolewa, imewekwa kamba yenye fundo ambayo hufunguliwa kwa kuvutwa na mkono mzima. Dumu la lita ishirini halijazwi tena. Kuna madogo matano ya lita tatu yanayobebwa kwa kutundikwa kwenye mkono, karibu na kiwiko. Kikombe chake kina mshikio mpana. Alizeti, ambazo zamani alikuwa akizipiga kwa fimbo uani mpaka mbegu zidondoke, sasa anazisugua moja juu ya nyingine akiwa ameketi, vichwa viwili vikavu, mchana, saa zile mikono inapomsikiliza. Anachukua siku nyingi mno. Lakini mbegu hazijui zilidondoshwa kwa muda gani, wala kinu cha kukamua mafuta hakiulizi. Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, tukimaanisha watu washirikiane. Hapa vidole kumi vya mtu mmoja vimejifunza upya kushirikiana, kila kimoja kikibeba kinachoweza siku hiyo, na vile vya watu wengine vikaja kujaza pengo.

Naurudia msemo ule wa jembe. Nilipokuwa mdogo niliuelewa kama karipio kwa mvivu. Sasa ninapoona mpini ule uliovimba, ninaona saa alizotumia mtu kuupima mkono wake: kanga izungushwe mara ngapi, mpira uvutwe kiasi gani, fundo likae wapi lisichubue. Hakuna anayechagua jembe kwa bidii namna hiyo asipokuwa mkulima.

Mvua ya Desemba ile ilinyesha usiku wa siku ya tatu. Asubuhi harufu ya udongo ilikuwa imejaa nyumba, na watu walikuwa wameshatoka. Nilisikia sauti zao ng'ambo ya majabali. Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni, amefunika mikono yake kwa kanga, anangoja ifunguke. Jembe lilikuwa mapajani mwake. Ilipokaribia saa tatu aliniita, akanipa kisu na utepe wa mpira alioukata jana yake. "Usiku huu vimevimba zaidi," akasema, na kunyoosha mkono wa kulia tuutazame sote wawili. Viungo vya vidole viling'aa kwa kujaa. Nilichutama mbele yake, nikafungua kamba ya katani, nikaanza kuzungusha mpira juu ya mpira. Kila mzunguko alijaribu kuushika mpini, akatikisa kichwa. Mara ya nne vidole vyake vilizunguka na kutulia.

"Hapo," akasema. "Kaza hapo. Kisha niinue, twende kabla jua halijawa kali."